Kulalisha kuku na kutotoa vifaranga katika parsele yako hapa Goma

Maswali ni yale yale, na yanarudi kila msimu. Kuku wangu hataki kutoka kiotani, anaumwa? Nimuwekee mayai mangapi? Naweza kununua mayai ya trei pale Birere nimpe alalie? Siku 21 zimefika na mayai yako kimya, nivunje nione? Vifaranga walitoka kumi, wiki mbili baadaye wamebaki watatu, nani anawamaliza?

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kuku watano hadi kumi na tano uani, katika parsele ya kawaida ya Goma: mawe ya volkano chini, nyumba ya mbao, jirani yuko hatua chache, umeme unakuja na kukatika bila taarifa. Mtu huyo hahitaji kuvezi, yaani mashine ya kutotoa vifaranga. Kuku jike wa kienyeji anatoa joto usiku na mchana, anageuza mayai mwenyewe mara nyingi kwa siku, na vifaranga wakishatoka anawafundisha kula na kujificha. Shika jambo moja tangu sasa: katika zile wiki tatu za kulalia, wewe huna kazi kubwa. Mayai mengi yanaharibika kabla hayajafika chini ya kuku, na vifaranga wengi wanakufa katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka. Kwa hiyo sehemu hizo mbili ndizo nitakazozieleza kwa urefu.

Amekaa kweli, au anataga tu?

Kuku anayetaga hukaa kiotani muda mfupi, anapiga kelele, anaondoka. Aliyetaka kulalia anabaki hapo hata usiku, wakati wenzake wamepanda kulala. Ukipeleka mkono anavimbisha manyoya, ananguruma kooni, anadonoa. Ameacha kutaga. Chini ya kifua manyoya yamepungua, kwa sababu ameyang'oa ili ngozi yake iguse mayai. Akitoka, anatoa kinyesi kimoja kikubwa chenye harufu kali, anakula haraka, anarudi. Haumwi. Kuku mgonjwa anajikunyata popote na hana hamu ya kula. Huyu ana sehemu moja tu anayoitaka, na macho yake ni makali.

Kuku wa kienyeji karibu wote hufikia hali hii. Wale wa kizungu wa mayai, pondezi, ni nadra sana, kwa sababu waliwachagua kwa vizazi vingi ili watage bila kukaa. Usimlazimishe pondezi kulalia. Kuku huwezi kumwamuru akae. Unamsubiri akae, kisha unamsaidia.

Vitu vya kuandaa

Andaa kabla ya kuweka yai hata moja:

- Sanduku la mbao au karatoni ngumu, takriban sm 35 kwa 35, lenye ukingo wa mbele wa sm 10 hivi.
- Udongo wa shamba, basini moja, usio na mawe.
- Majani makavu au maranda mapana ya fundi wa mbao. Unga wa mbao hapana: vifaranga wataula.
- Kalamu ya risasi.
- Simu yenye tochi na kipande cha karatoni chenye tundu.
- Majivu ya kuni, na ukiweza unga wa pareto, ambayo inalimwa hapa hapa Kivu ya Kaskazini.
- Sahani nzito ya chakula na chombo cha maji kisichopinduka.
- Kitunga kikubwa cha matete kwa ajili ya vifaranga baadaye.

Hatua ya 1. Hakikisha mayai yana mbegu

Hapa ndipo wengi wanapopoteza siku 21 za bure. Yai halitatoa kifaranga kama hakuna jogoo aliyempanda mama yake. Mayai ya trei, yale yanayovushwa mpaka na kuuzwa madukani, yanatoka kwa pondezi wanaofugwa bila jogoo. Hata uyaweke chini ya kuku bora wa mtaa, yataoza.

Jogoo mmoja mzima anatosha kwa kuku jike kama 10. Jogoo akifa au ukimuuza, kuku wako wataendelea kutoa mayai yenye mbegu kwa takriban siku 10 baada ya hapo, kisha yanapungua haraka. Ukitaka uhakika, vunja mayai mawili ya chakula cha asubuhi katika sahani nyeupe. Juu ya kiini kuna doa dogo jeupe. Likiwa doa tu, limejaa na halina umbo, yai halina mbegu. Likiwa na mviringo kama pete, jogoo anafanya kazi yake.

Ukinunua mayai kwa mfugaji mwingine, mwulize mambo matatu: jogoo yupo, yai limetagwa lini, na kuku wake wamewahi kuugua mwezi huu? Yai kutoka kwenye banda lenye ugonjwa linaweza kukuletea ugonjwa nyumbani.

Hatua ya 2. Chagua mayai, na uyatunze vizuri kabla ya siku yenyewe

Chukua mayai ya ukubwa wa kati kwa kuku wako, yenye umbo la kawaida na ganda laini lisilo na ufa. Acha makubwa mno, kwa sababu mara nyingi yana viini viwili. Acha marefu mno, ya mviringo kabisa, yenye ganda la mikunjo. Lenye uchafu mwingi kula mwenyewe. Lenye uchafu kidogo lifute kwa kitambaa kikavu. Usioshe yai la kulaliwa. Ganda lina utando unaozuia vijidudu, na maji yanauondoa.

Wakati unakusanya, weka mayai sehemu yenye ubaridi na kivuli, ncha nyembamba ikiangalia chini. Hali ya hewa ya Goma inakusaidia hapa: kona ya chumba isiyopigwa na jua inatosha. Mbali na mbabula (jiko la makaa), mbali na bati, na usiyaweke kwenye friji. Yageuze kidogo kila siku kwa kuinamisha trei upande mmoja leo na mwingine kesho. Yai bora ni lile lisilozidi siku 7. Mpaka siku 10 bado linafaa. Zaidi ya hapo, kila siku inayopita unapunguza vifaranga.

Wale wanaoleta mayai kwa pikipiki kutoka Masisi au Rutshuru, sikilizeni. Barabara za mawe zinatikisa yai mpaka chumba cha hewa, kile kilicho upande mnene, kinalegea. Yafunge kwa majani makavu, yasigusane, na yakifika yaache yatulie saa 24, ncha nyembamba chini, kabla ya kumpa kuku.

Idadi: kuku wa kienyeji wa kawaida analalia vizuri mayai 10, mkubwa 12. Kama ni mayai makubwa ya kuku chotara, mpe 8. Kipimo ni rahisi: akikaa, usione yai hata moja likichungulia pembeni. Yai linalobaki nje leo linapoa, kesho analivuta ndani na kulisukuma lingine nje, na mwisho wa safari yote yamepoa kwa zamu. Tamaa ya mayai 18 inakuletea vifaranga sita.

Hatua ya 3. Tengeneza kiota mbali na wenzake

Kuku wengi wanaamua kukaa palepale wanapotagia wote. Ukimwacha hapo, wenzake wataingia kutaga juu yake, watapigana, mayai yatavunjika, na mapya yatachanganyika na yale ya siku kumi. Mhamishe.

Usiweke sanduku moja kwa moja juu ya mwamba wa volkano; usiku unanyonya joto lote. Inua kwa vipande vya mbao. Ndani mwaga udongo unene wa vidole vitatu, unyunyizie maji kidogo, ukandamize utengeneze kama bakuli la kina kifupi, kisha tandika majani makavu juu yake. Udongo unashika unyevu ambao mayai yanauhitaji, na umbo la bakuli linayakusanya katikati. Majani yenye ukungu usiyatumie kamwe, hata kama ukungu ni kidogo: vumbi lake linaingia kwenye mapafu ya vifaranga na kuwaua.

Mahali pawe na giza kiasi, pasipovuja, pasipopigwa na upepo wa ziwa, na ambapo watoto na mbwa hawapiti. Kuta za mawe ya volkano zina matundu mengi na humo ndimo panya wanazaa; ziba matundu yaliyo karibu na kiota. Kama mtaa wako una siafu au sisimizi wengi, simamisha sanduku juu ya miguu minne, kila mguu ndani ya mkebe wenye mafuta machafu ya gari, kwa namna ambayo kuku hayafikii. Sisimizi wanaingia kwenye yai linapoanza kupasuka na kumla kifaranga kabla hajatoka.

Kwa wale wa magharibi ya mji, Mugunga, Bulengo na njia ya kwenda Sake: mnajua mazuku. Ile hewa nzito ya kaboni dioksidi, inayoua, inakusanyika kwenye mashimo na mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri pasipo na upepo. Haionekani, na kuku anayelalia haondoki mahali pake. Usiweke kiota wala banda kwenye shimo au sehemu ya chini ya parsele. Panda juu, sehemu inayopitisha hewa.

Hatua ya 4. Mwondolee utitiri kabla ya kumpa mayai

Kuku aliyekaa wiki tatu mahali pamoja ni karamu ya utitiri na chawa. Wakizidi, anayakimbia mayai siku ya 15 au 17, na watu wanasema ni kuku mbaya. Mkamate jioni, mpake unga wa pareto au majivu ya kuni yaliyochekechwa chini ya mabawa, tumboni na kuzunguka mkundu. Kinga macho na pua yake. Nyunyiza kidogo chini ya majani ya kiota. Rudia siku ya 10, kisha basi. Usipake kitu chochote baada ya siku ya 18.

Majivu ya kuni, si yale ya mlima. Majivu ya volkano ni vipande vidogo vya mawe na kioo, yanakwaruza ngozi na mapafu.

Hatua ya 5. Mjaribu, kisha mpe mayai usiku

Siku mbili za kwanza mpe mayai ya bure, yaani yasiyo na mbegu, ya dukani, au mawe laini ya umbo la yai. Mhamishe usiku, gizani, bila kelele, umweke kwenye kiota kipya na umfunike na karatoni au kitunga. Asubuhi ya pili ukimkuta ametulia na bado ananguruma, amekubali. Akizunguka na kutafuta njia ya kutoka siku nzima, mrudishe kwa wenzake na usubiri mwingine.

Akikubali, usiku unaofuata toa mayai ya bure, weka yote ya kweli kwa mara moja. Kila yai lichore alama ya kalamu ya risasi, tarehe au msalaba. Alama hiyo itakuokoa: siku yoyote ukiona yai lisilo na alama, ujue kuna mwenzake aliyeingia kutaga, litoe. Usiongeze mayai kesho wala keshokutwa. Wa kwanza wakitoka, mama ataondoka nao, na yale yaliyochelewa yatakufa yakiwa na watoto ndani.

Kuhesabu: ukiweka Jumatatu usiku, siku ya kwanza inatimia Jumanne usiku. Vifaranga watarajie Jumatatu ya wiki ya tatu, au siku moja kabla au baada.

Kama una kuku wawili waliokaa katika wiki ile ile, wape mayai usiku mmoja. Nitaeleza faida yake kwenye hatua ya 7.

Na msimu? Kuku anaweza kulalia mwezi wowote, lakini mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba zinaua vifaranga wengi kwa baridi na unyevu. Napenda kuweka mayai katikati ya Mei ili watoke Juni, kiangazi kinapoanza. Jogoo wa Juni anafika Noeli akiwa na miezi sita, na Noeli ndipo bei inapopanda.

Hatua ya 6. Wiki tatu za kumwacha afanye kazi

Weka mahindi au mtama mzima na maji safi hatua mbili tatu kutoka kiotani, si ndani. Nafaka nzima inampa nguvu bila kumharisha. Pumba nyingi zinalainisha kinyesi na kiota kinachafuka. Atatoka mara moja kwa siku, dakika 15 hadi 30, ale, anywe, ajigaragaze kwenye vumbi, arudi. Mayai kupoa muda huo hakuna shida, ni kawaida yake.

Wapo wanaokaa mpaka wanadhoofu. Ukiona siku mbili chakula hakijaguswa na kinyesi hakuna nje, mwinue taratibu asubuhi, kwanza ukiinua mabawa uhakikishe hajabana yai kwapani, umweke mbele ya chakula. Yai likipasuka ndani ya kiota, toa majani yaliyochafuka na ufute mayai mengine kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kidogo tu na haraka. Hapo uchafu wa yai ni hatari kuliko kitambaa.

Hatua ya 7. Angalia kwa mwanga siku ya 7 na ya 14

Fanya usiku. Toboa karatoni tundu dogo kuliko yai, iweke juu ya tochi ya simu, simamisha yai, upande mnene ukielekea kwenye mwanga.

Siku ya 7 yai zuri lina doa jeusi na mishipa myekundu iliyotawanyika. Likiwa angavu lote, halina mbegu. Likiwa na mzingo mwekundu wa damu bila mishipa, mtoto alianza akafa. Toa hayo mawili. Ukiwa na shaka, lirudishe. Siku ya 14 litakujibu. Siku hiyo yai hai ni jeusi karibu lote, na upande mnene kuna nafasi ya hewa yenye mpaka ulionyooka. Ukitulia utaona kitu kinacheza. Yai lenye maji yanayochezacheza, linalotoa jasho au harufu, litoe nje ya nyumba kwa uangalifu. Likipasuka chini ya kuku litaharibu mengine.

Sasa faida ya kuku wawili: kama wa kwanza amebaki na mayai matano na wa pili sita, mpe mmoja yote 11. Yule mwingine mpe mayai mapya, au mwachishe kukaa arudi kutaga. Usipoteze wiki mbili za kuku mzima kwa mayai matano.

Hatua ya 8. Kuanzia siku ya 18, usiguse tena

Mtoto amejipanga, mdomo wake unaelekea kwenye chumba cha hewa. Hakuna kuangalia kwa mwanga, hakuna kugeuza, hakuna kuonyesha wageni. Toa ule ukingo wa mbele wa sanduku au tengeneza ngazi ndogo ili kifaranga akianguka nje aweze kurudi. Katika vumbi la Julai na Agosti, nyunyizia maji ya uvuguvugu kwenye udongo wa pembeni mwa kiota mara moja, siku ya 18 au 19. Wakati wa mvua usifanye hivyo.

Hatua ya 9. Siku ya kutoka

Utasikia vilio vidogo kutoka ndani ya mayai, na mama atajibu kwa sauti ya chini ambayo hujawahi kuisikia kwake. Mwache. Kutoka tundu la kwanza mpaka kifaranga kusimama nje inaweza kuchukua saa 24. Anapumzika, anamalizia kuvuta kiini tumboni, damu inarudi kutoka kwenye utando wa ganda. Ukimsaidia kwa kubandua ganda mapema, atavuja damu na kufa mkononi mwako. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi, na linafanywa na watu wenye huruma.

Kifaranga anaishi siku mbili bila kula wala kunywa, kwa kile kiini alichokivuta, kwa hiyo usimkimbilie na chakula akiwa bado chini ya mama. Saa 48 baada ya wa kwanza kutoka, mayai yaliyobaki kimya yapime kwa mwanga. Yasiyo na dalili ya uhai, yazike.

Hatua ya 10. Wiki mbili zinazoamua

Usiwaachie waende kutembea na mama yao parsele nzima siku ya tatu. Ndivyo wazee wengi walivyofanya, na ndiyo maana tumezoea kuona kumi wakibaki watatu. Wafungie pamoja na mama, mahali pakavu penye maranda, kwa siku 10 za kwanza. Baada ya hapo wanatoka kuanzia saa nne asubuhi umande ukikauka, na wanarudi kabla ya mvua ya jioni. Kifaranga aliyelowa anakufa kwa baridi hata kama jua litawaka nusu saa baadaye.

Adui wa mchana ni mwewe na kunguru. Wa usiku ni panya, paka na nguchiro. Kitunga kikubwa kilichogeuzwa juu chini, jiwe la volkano juu yake, kinatosha mchana. Usiku, ndani ya sanduku lililofungwa kwa wavu wenye matundu madogo. Kumbuka panya anapita tundu ambalo wewe unalidharau.

Maji: chombo kifupi, na ndani yake tia vipande vya mawe ili kifaranga anywe kati ya mawe asizame. Badilisha kila siku.

Chakula: ukiweza kununua chakula cha kuanzia cha vifaranga, nunua kwa wiki tatu za kwanza, mama naye ale hicho hicho. Usiwape chakula cha pondezi. Kina chokaa nyingi inayoharibu figo zao. Usipoweza, changanya mwenyewe: makopo 6 ya mahindi au mtama uliosagwa wa chengachenga, makopo 3 ya soja iliyokaangwa na kusagwa, kopo 1 la unga wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, waliokaushwa bila chumvi. Soja mbichi inazuia mwili kutumia chakula, kwa hiyo lazima ikaangwe. Samaki wa chumvi wanaua. Mahindi yenye ukungu yanaua pia, taratibu zaidi, na mtu hajui chanzo. Lengalenga iliyokatwa ndogo ndogo wape kila siku, na kumbikumbi wakiruka usiku wa mvua, wakusanye, hakuna nyama bora kuliko hiyo. Majani mabichi ya sombe (muhogo) hapana, yana sumu.

Mama ana mdomo mkubwa na atawamalizia chakula. Tumia kitunga cha pili chenye nafasi ambazo kifaranga anapita na mama hapiti, weka chakula chao humo.

Hatua ya 11. Chanjo

Newcastle ndiyo inayofagia kuku wa mtaa mzima ndani ya wiki, na haina dawa. Ina chanjo. Vifaranga wapewe tone la jicho wakiwa na siku 7 hivi, warudiwe wakiwa na wiki tatu au nne, kisha kila miezi mitatu au minne pamoja na wakubwa. Mwone veterinari akupangie, pamoja na ya Gumboro kama ugonjwa huo upo mtaani kwenu. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako, basi shirikianeni majirani siku moja, mtapunguza gharama na mtaa wote utakingwa. Ibebe kwenye chombo chenye barafu, na ikishachanganywa itumike ndani ya saa chache. Kama chanjo yako ni ya kunywa, usitumie maji ya bidoni yaliyotiwa klori pale ziwani: klori inaua chanjo. Tumia maji safi ya mvua. Na usichanje kuku ambao tayari wanaumwa.

Hatua ya 12. Kuwaachisha mama

Mama akiachwa atawalea wiki nane au zaidi. Ukitaka arudi kutaga mapema, mtoe wakiwa na wiki 5 au 6, manyoya yamejaa. Kabla ya hapo, baridi ya usiku ya Goma inahitaji joto jingine, na mbabula ya makala ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kwa vifaranga na kwa watu waliolala humo. Usifanye.

Mambo yakienda kombo

Mama ameyakimbia mayai. Kama alitoka kwa saa chache, mrudishe usiku au mayai mpe kuku mwingine aliyekaa. Usitupe. Subiri siku tatu, pima kwa mwanga. Kisha mkague utitiri, maana mara nyingi ndiyo sababu.

Siku ya 22 na hakuna aliyetoka. Subiri mpaka ya 23 ikamilike. Kama kuku alikuwa akitoka sana au mayai yalikaa muda mrefu kabla ya kulaliwa, wanachelewa. Pia hakikisha mayai si ya bata: bata wa kawaida ni siku 28, na yule mkubwa mwenye nyama nyekundu usoni ni 35.

Watoto wengi wamekufa ndani ya ganda wakiwa kamili. Unyevu ulikuwa mdogo, au mtu aligusa mayai siku za mwisho, au jogoo ni ndugu wa majike wako kwa vizazi vingi. La tatu hili watu hawalifikirii. Badilishana jogoo na mtu wa mtaa wa mbali.

Mama anadonoa vifaranga. Kuku wanaototoa kwa mara ya kwanza wanashtuka. Waondoe vifaranga, waweke kwenye joto, warudishe chini yake usiku. Akiendelea asubuhi, wape mama mwingine mwenye vifaranga wa umri huo huo, usiku pia, kabla hawajapita siku tatu.

Kinyesi cha damu kati ya wiki ya tatu na ya sita, mabawa yameshuka. Ni koksidiosi, inatokana na maranda yaliyolowa. Toa maranda yote, weka makavu, na upate dawa ya amprolium kwa veterinari siku hiyo hiyo. Kesho ni kuchelewa.

Kuku amekaa na wewe hutaki alalie. Usimtumbukize kwenye maji baridi. Ni kumtesa na anaweza kuugua. Mweke kwenye kizimba chenye sakafu ya wavu, kimeinuliwa hewa ipite chini ya tumbo lake, bila majani, penye mwanga, na chakula na maji kama kawaida. Siku 3 hadi 5 anaacha. Mtoe jioni: akienda kulala na wenzake, umemaliza, akirudi moja kwa moja kwenye kiota, mrudishe kizimbani siku mbili nyingine.